Fundo la Mwisho

Sheria ya fundi cherehani wa mtaani kwetu ilikuwa moja: ukienda kuhiji, unawaombea kwanza waliokutuma, wewe unakuja mwisho. Nia za majirani alizifunga mafundo kwenye leso. La mwisho, pembeni kabisa, lilikuwa lake: binti yake, ambaye alikuwa hajamsemesha mama yake tangu mwaka juzi. Siku ya hija, kutwa nzima nilikuwa nyuma yake. Kwenye kisima kilicho nje ya kanisa alifungua fundo la jirani mwenye macho mabovu, akanawa uso kwa niaba yake. Mnara wa kengele aliupanda ngazi zote akihema, kwa sababu mjomba wake alitaka ombi lake lisemwe juu.

"Dada, kwani Mungu hasikii huku chini?" nilimtania.

"Anasikia. Ila mimi niliahidi juu."

Vidole vyake, vilivyochomwa na sindano miaka mingi, vilifungua kila fundo polepole, bila kutumia meno.

Tulipofika altareni lilibaki lake tu. Ndiyo kwanza anapiga magoti, mwanamke mgeni akamshika bega. "Mama, niombee. Mume wangu anapasuliwa sasa hivi, na mimi maneno yameniisha." Fundi akaikunja leso, akasali naye mpaka mlinzi alipotikisa funguo. "Jamani mama zangu, tunafunga."

"Na nia yako?" nilimwuliza mlangoni.

"Yule mgeni naye si kanituma?"

Hija ya parokia yetu ni mara moja kwa mwaka. Fundo la binti yake lilirudi nyumbani likiwa limefungwa.