Sarafu ya Kukwangulia Vocha

Harufu ya ukwaju uliolowekwa hainiachi nitulie mpaka leo. Wengine wakiinusa huwaza juisi. Mimi vidole huanza kuniwasha, nikatafuta kitu cha kusugua. Idi ilipokaribia, Bibi yangu alisugua masinia yake ya shaba kwa ukwaju na majivu, pale kwenye kibaraza chembamba cha ghorofa tulilopanga Mchafukoge, nami nilikaa pembeni yake nikisugua sarafu za Uswisi kwa majivu yale yale. Najua unacheka. Watoto wenzangu walikusanya vizibo vya soda.

Mambo yalianza hivi. Mama alikwenda Geneva kumtunza ajuza mmoja mgonjwa, kazi aliyotafutiwa na rafiki yake. Baba alishajiendea Tanga kwa mke mwingine, kwa hiyo nyumbani tukabaki mimi na Bibi, mama yake Mama. Siku moja mtu aliyetoka huko akatuletea mzigo: chokoleti iliyoyeyuka ikaganda upya, sweta ambalo kwa joto la Dar hulivai hata kwa kulipwa, na ndani ya soksi, sarafu moja ndogo ya njano yenye kichwa cha mwanamke. Mama alipopiga simu nikamuuliza ni ya nini. Akacheka, akaniambia ziko saba, kuanzia hiyo hadi ile kubwa yenye picha ya mwanamume aliyevaa shati lenye kofia.

"Zikusanye moja moja," akasema. "Ukiwa nazo zote saba, mimi huyo mlangoni."

Pengine alisema tu ili nisilie. Mimi niliyabeba maneno yale kama yalivyo. Tangu siku ile sikutulia. Kila aliyepanda ngazi na begi nilimkimbilia, na Bibi akaanza kuniita kiguu na njia. Mizigo ilikuja kwa kudra za wasafiri, na kila mmoja ulikuwa na soksi, na kila soksi ilikuwa na sarafu. Nilizisugua mpaka zikang'aa kuliko masinia. Kwenye baadhi yake mwanamke alikuwa amesimama wima, mkuki mkononi, ngao ubavuni. Bibi alizisogeza karibu na macho akaguna.

"Na huyu naye anamngoja nani? Mwambieni akae, miguu itamvimba."

Nilipofikisha ya sita, roho ilikuwa juu. Mzigo uliofuata niliuchana kwa meno. Ndani ya soksi kulikuwa na ile ndogo ya njano, kama ya kwanza. Nilimlalamikia Mama kwenye simu, akasema lo, amesahau, kichwa chake siku hizi hakipo. Mzigo mwingine, ya njano tena. Niliirusha ukutani nikalia kwa hasira. Nilijiambia Mama amechoka, hajui tena anachotuma, na kama ni hivyo basi hiyo ya saba nitaitafuta mwenyewe.

Nikaanza kuzurura Kariakoo nikitoka shule. Niliwaamkia wauza vitenge, wauza saa, wauza vinyago wanaokutana na wageni. "Shikamoo, una hela ya Uswisi yenye mwanamume?" Wapo walionicheka, wapo waliodhani nimetumwa. Nilirudi nyumbani miguu vumbi tupu, nikaambulia makofi mawili ya Bibi.

Kumbe ilikuwa chini ya miguu yetu. Ghorofa ya chini palikuwa na duka la Mchaga mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi, yaani chifu kwa Kichaga, hata Bibi aliyemzidi umri. Alasiri moja Bibi alinituma vocha ya simu. Mangi alikuwa na ukarimu wa kumkwangulia mteja, asichafue kucha. Akatoa kwenye droo sarafu kubwa, nzito, akaanza kukwangua. Nikaona shavu. Nikaona kofia ya shati.

"Mangi, naomba hiyo!"

"Hii? Aliniachia mzungu mmoja. Nikaipeleka kule wanakobadilisha fedha, wakasema sarafu hawapokei, noti tu. Sasa nikikupa nitakwangulia nini, meno?"

Nilipanda ngazi mbio, nikachukua sarafu yangu ya mia mbili ya Idi, nikashuka nikihema. Akaipima kwenye vocha nyingine, akaridhika, tukabadilishana.

Niliisugua mpaka maji ya ukwaju yakawa meusi. Kisha nikaoga, nikavaa gauni la Idi, nikakaa kwenye ngazi. Bibi akauliza ninakwenda wapi. Nikamjibu siendi popote, Mama anakuja, zimetimia. Bibi aliufuta mkono wake wa majivu kwenye kanga, akaingiza ile vocha kwenye simu, akampigia Mama, akanipa.

"Mama, ninazo zote saba! Umefika wapi?"

Nilisubiri kicheko chake. Ikaja sauti ya mtu aliyeshtuka: "Umeipata wapi?" Nikaeleza habari za Mangi. Nikasikia analia, analia kweli, na kabla hajasema neno salio likaisha.

Nilikaa pale mpaka adhana ya magharibi, nikisimama kila mlango wa chini ulipogongwa. Sikumwelewa. Nilikuwa nimetimiza yangu. Kwa miezi mingi nilimwita mwongo kimoyomoyo, na simu zake nilizijibu kwa mkato.

Alirudi mwaka uliofuata, ajuza wake alipofariki. Nilimkumbatia kwa mkono mmoja tu, bado nimenuna. Alifungua pochi, akatoa sarafu kubwa yenye mwanamume, imefifia, akaniwekea kiganjani. Nikamwambia hiyo ninayo.

"Najua," akasema.

Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto wangu wa kumwambia "narudi sasa hivi" nikifunga mlango, ndipo Mama aliponisimulia. Sarafu ile alikuwa nayo tangu mzigo wa kwanza. Nilipofikisha sita, kila alipopata mtu wa kusafiri aliitoa, akaiweka mezani karibu na soksi, akaiangalia. Ruhusa hakuwa nayo, nauli haikutosha, tarehe ya kunipa haikuwepo. Hakutaka kunidanganya. Basi akairudisha kwenye pochi, akachukua ile ndogo ya njano, akaitia ndani ya soksi ili nijue bado yumo njiani.

Leo ninazo zote mbili. Ile ya Mangi inang'aa, pua imelika kwa vocha. Ya Mama imezidi kuwa nyeusi. Ukwaju umelowa hapo jikoni na vidole vinaniwasha, lakini hiyo siigusi.