Mshika Mkono wa Leitir Duilisc

Katika nyumba ya akina Ó Cualáin, pale Leitir Duilisc, kijiji cha pwani ya Connemara, mwimbaji alikuwa mmoja na mshika mkono alikuwa mmoja. Mwimbaji alikuwa Féichín. Mshika mkono alikuwa dada yake, Bairbre, na habari hii ni yake, maana waimbaji wamesifiwa vya kutosha.

Wapo waliodhani kazi ile ni kukaa tu. Hao hawajaifanya. Mtu akiimba wimbo mrefu wa zamani hufumba macho na kuelekeza uso ukutani, na mwenzake humshika mkono wa kulia akauzungusha taratibu, kama anayezungusha jiwe la kusagia. Mwimbaji akipungukiwa pumzi, mkono humsubiri. Akipata nguvu, mkono humsindikiza. Bairbre aliianza kazi hiyo akiwa na miaka saba, akimshika mama yake. Mama alipofariki, Féichín aliurithi wimbo, na Bairbre akabaki na mkono. Yeye mwenyewe hakuimba hata siku moja mbele za watu. Alisema sauti yake ni ya kuitia kuku, na kwa kuwa alilisema hilo kwa ukali, hakuna aliyembishia.

Hakuna kati yao aliyeoa wala kuolewa. Waliishi chini ya paa moja la nyasi, wakikata mwani wa kurutubishia shamba la viazi, wakianika vibonge vya udongo wa kinamasi vya kuchoma mekoni, na wakizozana kila siku iendayo kwa Mungu. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya wimbo wenyewe. Ulikuwa wimbo wa mashua iliyombeba bibi harusi ikazama kabla ya kufika kanisani, wenye beti kumi na moja. Katika ubeti wa saba mashua inazama. Katika ubeti wa nane mama anamlilia binti yake. Féichín, tangu ujana wake, alizipindua hizo mbili: mama alilia kwanza, mashua ikazama baadaye. Kwa hiyo kila walipokaribia hapo Bairbre alimbinya kidole gumba, naye akakumbuka. Siku aliposhikwa mkono na jirani asiyejua, mambo yaliharibika.

"Umewazika tena kabla hawajafa," Bairbre alimwambia wakirudi nyumbani.

"Kwani wewe umeimba nyimbo ngapi, dada?"

"Mimi naimba kwa kidole. Wewe unafungua mdomo tu."

Kiangazi cha mwaka 1906 akaja Mwalimu Ó Gormáin kutoka mjini Galway, na mkokoteni wa punda, na juu ya mkokoteni sanduku lililofungwa kwa blanketi mbili kama mgonjwa. Alikuwa kijana mwembamba, mpenda lugha ya wazee, mwenye haraka ya watu wa mjini. Ndani ya sanduku mlikuwa na mashine ya kunasa sauti: pembe kubwa ya bati, sindano, na mabomba ya nta ya kuchorewa sauti, kila moja na ukubwa wa kikombe kisicho na kitako.

"Mungu awe nanyi humu ndani," alisema mlangoni.

"Awe nawe pia. Na hilo linalolala humo, ni Mkristo?" Féichín aliuliza.

Mwalimu alieleza kwamba bomba moja huchukua dakika mbili tu. Féichín alicheka mpaka akakohoa. Dakika mbili, kwake, ulikuwa muda wa kusafisha koo. Wakakubaliana aimbe beti tatu za katikati, kuanzia wa saba. Hapo likazuka jambo jingine, kwamba Féichín hakuweza kuanzia katikati. Ilibidi aanze mwanzo na kuzipitia beti sita kwa mnong'ono, huku mwalimu amesimama kando na kidole juu ya mtambo, jasho likimtoka. Bairbre alikuwa ameketi mahali pake, mkono wa kaka yake umo ndani ya wake. Alimbinya gumba panapostahili. Féichín akapaza sauti na mashua ikazama kwa wakati wake.

Mwalimu alipoirudisha sauti ile kwenye pembe, uso ulimshuka. Kwa kuwa mkono ulizungushwa, mwili wote wa Féichín ulipepesuka nao, na sauti ilikuja karibu ikaenda mbali, ikaja, ikaenda.

"Imeharibika," alisema. "Samahani, Bi Bairbre, nitakuomba ukae kule dirishani. Bwana Féichín aimbe peke yake, atulie, uso ndani ya pembe."

Bairbre alikwenda dirishani. Aliumia, na hakuficha kwamba ameumia. Alichukua soksi aliyokuwa anaifuma akaitazama kama imemtukana. Féichín akaimba, mikono juu ya magoti, ameganda, na mama wa watu akalia kabla mashua haijazama. Bairbre alifungua mdomo aseme. Kisha akamwona mwalimu anatabasamu kwa furaha, sauti imetoka safi kabisa, na akaufunga. Waliomfukuza na waende na walichokipata.

Bomba hilo safi mwalimu alikwenda nalo Galway. Lile lililoharibika alitaka kulikwangua nta ili alitumie tena, lakini Bairbre aliliwekea mkono juu.

"Hili liache."

"Halina faida, Bi Bairbre. Na mashine ya kulisikilizia hamna."

"Hata kanisa sina, na nina rozari. Liache."

Likaachwa, ndani ya kopo lake la karatasi ngumu, na Féichín alimtania dada yake mwaka mzima kwamba amemfungia kaka yake kwenye kopo kama tumbaku.

Mwezi wa Machi mwaka 1908 Féichín alitoka kukata mwani amelowa mpaka kifuani, na kwa siku tisa pafu lilimwaka. Siku ya kumi wakamzika. Watu walikuja, chai ilinywewa, mkate wa magadi ulilika, na waimbaji wawili waliokuwepo hawakuthubutu kuugusa wimbo wake. Kisha nyumba ikabaki na mtu mmoja.

Lililomtisha Bairbre halikuwa upweke, maana kazi za nyumba zilikuwa zilezile na sasa alizifanya bila kubishiwa. Lililomtisha ni kwamba ilipofika Mei alianza kuisahau sauti. Maneno aliyakumbuka yote. Uso aliukumbuka, hata kikohozi. Lakini akikaa kimya na kuitafuta ile sauti yenyewe, ilimjia ya mtu fulani tu, na hakuwa na hakika ni ya nani. Jambo hilo lilimliza kuliko mazishi. Akamwomba padre amwandikie mwalimu: njoo na mashine yako, ninalo lile bomba, nataka kumsikia mara moja.

Mwalimu alijibu kwamba atakuja Julai.

Bairbre alikwenda kulitazama bomba sandukuni, chini ya shuka za harusi za mama yake. Kopo lilikuwa na unyevu, na pembeni mwa nta palikuwa na doa jeupe la ukungu dogo kuliko ukucha. Alilifuta kwa ncha ya shuka, akalirudisha ndani ya kopo, akafanya ambalo mwanamke yeyote wa upande ule angelifanya. Kila nyumba ya pale ina kishubaka ukutani, pembeni kabisa mwa meko, mahali pakavu kuliko pote. Humo hukaa chumvi, chai, tumbaku, na barua za ndugu walioko Amerika. Unachokithamini hukiachi kwenye baridi ya Connemara. Alitoa chumvi, akamweka Féichín. Na moto wa meko ule, kama ulivyo moto wa nyumba zote za pale, haukuwahi kuzimwa tangu babu yao aujenge. Kwa miezi miwili hakulifungua kopo, asije akaliharibu kwa vidole vyake.

Mwalimu alifika mchana wa mvua nyepesi, na sanduku lake la mashine. Alikuwa ameongezeka mwili kidogo na kupungukiwa na ile haraka yake.

"Pole sana kwa msiba, Bi Bairbre."

"Tumeshapoa. Kaa. Chai iko tayari."

Hakukaa. Alisimama akiikunja kofia yake.

"Nina la kukiri kwanza. Lile bomba nililolichukua limekwisha. Kila lilipochezwa, sindano ililila kidogo. Walilipenda mno. Walilisikiliza Galway, wakalisikiliza Dublin, mpaka sasa halina kitu, linanguruma kama upepo tu. Kwa hiyo hili lako ndilo pekee. Halijachezwa tangu siku ile."

"Basi lichukue, liko kishubakani," alisema Bairbre, na alisema kwa fahari. "Nimelitunza kuliko macho yangu."

Mwalimu aligeuka akatazama kishubaka, kisha moto, kisha kishubaka tena. Alilitoa kopo, likawa vuguvugu mkononi mwake, akalifungua. Nta ilikuwa imekaa kitako. Upande mmoja ulikuwa umelala juu ya mwingine, na ile mistari myembamba yenye sauti imeungana ikawa laini kama sabuni iliyotumika.

Bairbre aliitazama kwa muda. Aliketi kwenye kigoda chake, kile cha kushikia mkono.

"Nimemyeyusha," alisema.

"Hukujua."

"Nani asiyejua nta na moto? Mishumaa nawasha kila siku. Nilijua nta, nilijua moto. Nilisahau tu kwamba Féichín ni nta." Alilia, wala hakugeuza uso. "Nyinyi mmemmaliza kwa kumsikiliza, mimi nimemmaliza kwa kumtunza. Tumemfanyia kazi nzuri."

Mwalimu alimimina chai mwenyewe, ya wote wawili, akaijaza sukari ya mgonjwa. Baada ya muda, kwa kutafuta la kusema, akasimulia kwamba mjini vijana wamejifunza zile beti tatu na kuziimba kwenye mashindano, tena wanasifu sana jinsi mama anavyolia kabla mashua haijazama. Wataalamu wanasema hiyo ndiyo hekima ya wimbo, kwamba moyo wa mama hujua mapema.

Bairbre alishusha kikombe.

"Wanasema nini?"

Akarudia.

"Ilikuwa makosa!" alisema Bairbre. "Miaka thelathini nambinya gumba kwa sababu ya ubeti huo! Ulinifukuza mkononi mwake, akapotea palepale. Hekima! Angelisikia hilo, tusingelala nyumba moja."

Alicheka huku machozi hayajakauka, na mwalimu, aliyekuwa mwekundu mpaka masikioni, akacheka naye. Kisha akauliza swali aliloogopa kuliuliza tangu aingie.

"Wimbo wote unaujua, Bi Bairbre?"

"Nitakosaje kuujua? Umepita mkononi mwangu tangu nikiwa na miaka saba."

"Ungeuimba?"

"Sauti yangu ni ya kuku."

"Nimesafiri na punda tangu Galway, Bi Bairbre. Hata sauti ya kuku nitaishukuru."

Bairbre alikunywa chai yake mpaka mvua ikapita. Kisha akanyoosha mkono wa kulia.

"Bila mkono siimbi."

Mwalimu alitega mashine na bomba jipya, akaitazama pembe, akatazama mkono ule mgumu wenye makovu ya mwani. Sauti itapepesuka, alijua. Alivuta kiti, akaushika, akaanza kuuzungusha kwa woga.

"Usinikamue. Mimi si ng'ombe," Bairbre alisema. "Taratibu. Hivyo."

Alifumba macho na kugeukia pembe. Naye pia hakuweza kuanzia katikati. Alianza ubeti wa kwanza kwa mnong'ono, na kufikia wa tatu mnong'ono ulikuwa umemponyoka ukawa sauti, kavu, yenye mikwaruzo, iliyokwenda moja kwa moja pasipo kuomba radhi. Ubeti wa sita ulipoisha, mwalimu aliufungulia mtambo kwa mkono wake wa kushoto, na kwa mkono wa kulia, kwa kuwa sasa alikuwa anajua, akambinya gumba.

Bairbre alihisi. Hata usingizini angelihisi. Alijua vizuri nini kinafuata. Akavuta pumzi, na akamtoa mama kwanza. Mama akamlilia binti yake mashua ikiwa bado iko juu ya maji, na palepale, kwenye kosa lile, akaisikia: ile pumzi fupi ya Féichín, ule ukaidi wa mtu anayejua anakosea na haachi. Ilikuwa sauti yake hasa, imekaa ndani ya koo la dada yake siku zote hizo. Kicheko kifupi kilimtoka kabla ya mstari wa pili. Akaendelea. Mashua ikazama baadaye. Nta iliishia ubeti wa tisa, mtambo ukazimwa, naye akaimba mpaka wa kumi na moja, na mwalimu hakuuachia mkono.

"Nikuchezee usikie?" aliuliza mwalimu mwishowe.

"Kuchezwa si kunalila?"

"Kidogo."

"Basi mara moja tu. Kisha uliondoe nyumba hii yenye moto."

Pembe ilikwaruza, kisha sauti ikaja, karibu na mbali, karibu na mbali. Bairbre aliinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa mwalimu, wamesahau kuachana. Ilipokaribia pale mama anapolia, alimbinya mwalimu gumba kwa nguvu zake zote, huku akijua amekwisha kuchelewa.