Taa Ndogo ya Pikapu la Baba

Enzi zetu pale Kagongwa, gari la nyumbani liliwashwa kwa miguu ya watoto. Baba alishika usukani, sisi sita tukajipanga nyuma ya pikapu, bado tunatafuna michembe ya viazi vitamu na karanga, naye akatuambia kupitia dirishani: "Wasukuma, kazi yenu ni jina lenu." Likishika, lilitutemea moshi na kutokomea Nyarugusu, ambako Baba aliifukuzia dhahabu wiki nzima, wakati mwingine mwezi. Sisi tulikimbilia shule tukinuka petroli, tukijiona watu wa maana.

Kabla ya hapo lilikuwa likiwaka kwa ufunguo, mpaka siku lilipoacha kuchaji betri. Mafundi walilifungua, wakatikisa vichwa. Tulisukuma msimu mmoja wa pamba, kisha Baba akachoka, akaliingiza ghalani na kulifunika turubai. Nilikuwa darasa la tano.

Baba alishafariki. Likizo hii nikaamua kulifufua. Mwalimu mwenye shahada mbili hashindwi na pikapu, nilijiambia, nikabadilisha betri, mkanda, hata kaboni za altaneta inayochaji betri. Liliwaka, ila chaji hakuna. Mwanangu Kulwa, ambaye hajawahi kusukuma kitu kizito kuliko mlango, aliniuliza waya wa chaja unachomekwa wapi.

Fundi Luhende alipokuja, aliinama chini ya dashibodi, akainuka bila haraka. "Mwalimu, altaneta yako nzima. Hapa kuna tundu tupu la ile taa nyekundu ya chaji. Umeme wa kuiamsha altaneta unapitia kwenye hiyo taa. Nani aliitoa?"

Nilimjua aliyeitoa. Niliichomoa mimi, utotoni, nikaifunga kwenye gari langu la waya lenye magurudumu ya kandambili. Haikuwahi kuwaka, lakini ilimeta juani na mtaa mzima ukaniheshimu. Miaka yote hiyo, na vitabu vyote hivyo, sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Luhende akaweka nyingine, ndogo kama punje ya mahindi, na chaji ikarudi. Kumbe mimi ndiye niliyelilaza gari la Baba, naye alikufa akidhani limemshinda.

Nilimweleza Mama jikoni, macho chini kama niliyevunja chungu. Aliendelea kupepeta mchele.

"Baba Kulwa," akasema, "gari lilipolala, na baba yako akaanza kulala hapa. Wale wadogo zako wawili wa mwisho unadhani walitoka wapi?"

Gari langu mimi linawaka kwa kubonyeza kitufe. Halihitaji watoto nyuma yake, wala halimwachi mtu akinuka petroli, na labda ndiyo sababu kwa Mama huwa naondoka upesi hivyo. Jumapili nilipoaga, alilizunguka polepole, akachungulia ndani.

"Na hili lako," akauliza, "taa yake iko wapi?"