Shimo Kwenye Uga wa Mama

Watu hupenda kuniuliza kama ni kweli nilicheza gofu na Mdachi. Ni kweli. Wakishasikia hivyo hucheka, wanataka niwaonyeshe nilivyoshika fimbo, nami huwaonyesha. Hakuna anayeniuliza kwa nini mama yangu hakuzikwa kijijini kwetu, Mkonze.

Mwaka ule reli ilikuwa imeshafika Dodoma na kupita kwenda magharibi. Mdachi mmoja, Mjerumani fundi wa madaraja, aliachwa kambini karibu na kwetu asimamie daraja dogo lililokuwa limeanza kupasuka kabla hata halijazoeleka. Mimi nilikuwa msimamizi wa vibarua wake. Huyu Bwana aliwahi kukaa kwa Waingereza, akajifunza mchezo wao huko, na alikuwa na begi refu la ngozi lililojaa fimbo. Lakini gofu inataka majani, na kwetu mwaka ule hata mbuzi walikuwa wanayatafuta. Kwa hiyo akabaki na sehemu ya mwisho tu ya mchezo, ile ya kuusukuma mpira polepole mpaka uingie shimoni. Alishindilia mchanga, akaumwagia mafuta machafu ya mashine, akafukia kopo la maziwa katikati. Hicho ndicho kikawa kiwanja chake.

Kucheza peke yake kulimchosha, akanichagua mimi. Siku za kwanza alinipiga bao mpaka akaona haya kwa niaba yangu. Mpira ulikuwa mdogo, mweupe, mgumu, saizi ya yai la kanga, na kila nikiugusa ulikwenda unakotaka wenyewe. Bwana alikuwa akicheka hadi anashika mbavu. Mimi sasa, mtu akinicheka usingizi unaniisha. Nilijiapiza kwamba huyu mtu hataondoka Ugogo kabla sijamshinda hata mara moja.

"Ubaya wako ni kichwa," aliniambia siku moja, kwa kile Kiswahili chake alichokitamka kama mtu anayetafuna mfupa. "Unapiga, halafu upesi unainua kichwa uone mpira unakwenda wapi. Kichwa kikiinuka, bega linafuata, fimbo inapinda. Tazama chini. Mpira ukiondoka, wewe endelea kutazama pale ulipokuwa. Usiinue kichwa mpaka usikie kopo."

Akaniwekea kiganja utosini, akanikandamiza. Nilikasirika, maana tangu baba afariki hakuna aliyewahi kunishika kichwa. Lakini nilipopiga, mpira ulinyooka, na baada ya kitambo nikasikia ko! Lo, sauti ile! Nilitaka kuisikia tena na tena.

Akaniazima fimbo moja na mipira miwili nikafanyie mazoezi nyumbani. Na nyumbani kwetu palikuwa na uga wa mama.

Sijaona uga kama ule kwingine. Mama alikuwa akichimba udongo wa kichuguu, anauchanganya na mavi ya ng'ombe, anausiriba, kisha anausugua kwa jiwe akiwa amepiga magoti mpaka unateleza kama sahani. Wanawake wenzake waliomba kuja kupuria mtama wao pale. Mwaka ule hakukuwa na mtama wa kupura. Mavuno yaliyopita yalikuwa haba, na sasa watu walikuwa wamepanda kwenye vumbi wakingoja mvua, na mvua haikuja. Mawingu yalikuwa yakitokea mashariki, yanapita juu ya nyumba zetu za tembe yakiwa meusi yamejaa, yanakwenda zao. Kila mtu alitembea akitazama juu. Ungemsalimia mtu, angekuitikia macho yake yakiwa mbinguni.

"Cheza tu," mama aliniambia nilipomwomba uga. "Angalau upate wa kuukanyaga."

Nikafukia kopo langu. Kila jioni nikitoka kazini nilikuwa pale, nimeinama, natazama chini. Bwana alinifundisha kusoma mteremko. Alisema kabla ya kupiga ujiulize, maji yakimwagwa hapa yatakwenda wapi? Uga wa mama ulikuwa laini mno, macho yangu hayakuona mteremko wowote. Basi siku moja nikachukua kibuyu nikamwaga maji kidogo. Yakajikusanya, yakapinda taratibu kushoto, yakaenda moja kwa moja koponi. Nikapiga kelele za furaha peke yangu.

Kumbe jirani yetu alikuwa amesimama njiani na mtungi kichwani. Huyu alikuwa shoga wa mama tangu usichana wao, wakipura pamoja, wakilea watoto pamoja. Alikuwa anatoka kuchimba maji mchangani, mtoni kulikokauka, na magoti yake yalikuwa meupe kwa mchanga.

"Unamwaga maji?"

"Nayatazama tu yanakokwenda, mama."

"Nimeona yanakokwenda," akasema, akaenda zake bila kuaga.

Tangu hapo salamu zikaanza kupungua. Mtu aliyezoea kusimama na kuuliza habari za ng'ombe na za nyumba nzima, sasa alikuitikia kwa neno moja, mguu tayari uko mbele. Mama alikwenda kuchimba maji, wanawake wakasogea wakamwachia shimo zima peke yake. Alirudi na mtungi umejaa mapema kuliko siku zote, akautua.

"Wanasema mwanangu anafunga mvua," akaniambia.

"Ebo! Kwa kipi? Kwa kopo la maziwa?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Mama hakucheka.

Akanisimulia habari ya mjane mmoja wa upande wa Mvumi, zamani, yeye mama akiwa binti. Walisema kafunga mvua. Walimtoa nyumbani mwake jua likiwa kali, bila kibuyu, bila hata nguo ya pili, na hakuna aliyethubutu kumpokea. Mama alimwona akipita. "Mimi nami ni mjane," akasema. "Na uga ni wangu. Wakija hawatakuja kwako, wewe una Mdachi wako. Watakuja kwangu. Acha mchezo huu."

Nilimwambia nikiacha sasa watasema nimekiri. Nilimwambia pia bado siku chache tu, Bwana yuko karibu kuhama, nimeshaanza kumkaribia. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli, na ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu. Mama alinitazama, akarudi kwenye kazi zake.

Nikamweleza Bwana. Kwanza alicheka, halafu akawa mwekundu, akasema atatuma askari na kiboko wawafundishe watu hawa adabu. Nilipomfikishia mama habari hiyo alishika kichwa kwa mikono miwili. "Askari atalala hapa? Atachota maji na mimi? Akishawachapa ataondoka, nitabaki nao." Ikaishia hapo.

Ng'ombe wakaanza kufa. Wa jirani akatangulia, kisha mmoja wetu. Upepo ulikuwa unaleta harufu mpaka kwenye daraja, vibarua wakafunga vitambaa puani. Nami niliendelea. Kila jioni, ko!

Siku niliyomshinda Bwana naikumbuka kwa mwili mzima. Tulikuwa sawa, umebaki mpira wangu wa mwisho, mbali na kopo. Nikajiuliza maji yangekwenda wapi. Nikapiga. Nikaganda pale nimeinama, natazama mchanga mtupu, jasho linanitoka puani, nikangoja, nikangoja, na kopo likalia. Bwana akavua kofia. Mzungu mzima akanivulia kofia! Nilikimbia njia yote kwenda kumwambia mama, nimekumbatia fimbo kama mwehu.

Nilikuta watu wamejaa uani. Walikuwa wamekaa chini, wameegemea ukuta wa tembe. Mama alikuwa kizingitini, mikono mapajani. Jumbe wetu, mkuu wa kijiji, mtu mzima aliyekuwa rafiki wa marehemu baba, alikuwa amesimama kando ya uga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shimo la Mdachi hatuwezi kuligusa, sote tunakijua kiboko. Hili liko kwetu."

Nikawaka. Nikawauliza tangu lini mvua ikakaa kwenye kopo, nikawauliza kama miaka mingine ya njaa nayo ililetwa na gofu. Nilisema mengi, na mengine hayafai kusemwa mbele ya wazee. Jumbe aliningoja nimalize.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi hata kidogo, jambo lililonitisha zaidi. "Kila mtu hapa anatazama juu. Mimi nimekuja mara nyingi, nimesimama pale njiani, nikakuangalia. Hata wingu likipita juu ya utosi wako, huinui kichwa. Kwa nini?"

"Nimefundishwa hivyo! Nisiinue kichwa mpaka nisikie."

"Usikie nini?"

"Kitu kikianguka shimoni," nikajibu.

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Ningeweza kuula ulimi wangu. Nikaanza kueleza habari za bega na fimbo, lakini hakuna aliyekuwa akinisikiliza tena, walikuwa wanamtazama mama.

Mama akainuka. Akaenda katikati ya uga, akapiga magoti kama anavyopiga magoti kuusugua, akaling'oa lile kopo kwa vidole. Ule udongo alioushindilia mwenyewe ulikuwa mgumu, kucha zake zikatoka damu. Akajaza shimo, akalipigapiga kwa kiganja. "Haya," akasema. "Hakuna shimo."

"Basi tungoje," akasema jumbe, na watu wakaondoka mmoja mmoja.

Nilimgombeza mama. Ndiyo, nilimgombeza mama yangu mzazi. Nilimwambia ametumaliza: isiponyesha watasema kuna kingine tumeficha, ikinyesha watasema ni kweli ilikuwa humo. Nilidhani haoni.

"Naona," akasema. "Lakini watoto wa jirani wanalia hata mchana. Acha inyeshe."

Ikanyesha. Wingu lilitokea mashariki kama yale mengine, ila hili halikupita. Matone ya kwanza yalipiga vumbi kwa kishindo, kisha mbingu yote ikashuka. Vigelegele vilianza upande wa pili wa kijiji vikatufikia. Wazee walitoka vifua wazi, watoto walilala chali wamefungua midomo. Jirani yetu alikuwa anacheza mbele ya mlango wake huku analia. Mama akampungia mkono. Yule shoga yake akaacha kucheza, akawaita wanawe ndani.

Jumbe alikuja ingali inanyesha, maji yanamchuruzika ndevuni. Alimsalimia mama kwa heshima zote, akamwuliza habari za nyumba, mambo ambayo hatukuwa tumeyasikia kwa muda mrefu.

"Tunakushukuru, mama. Umetufungulia," akasema. "Sasa wewe mwenyewe unajua. Hakuna atakayelala karibu na mkono unaoweza kufanya hivyo. Ndugu zako wako Kibakwe. Nenda kabla makorongo hayajajaa."

Mama alimwitikia, "Ndiyo, baba," akaingia kufunga mzigo. Hakubishana. Alichukua chungu kimoja, ngozi ya kulalia, na mbegu zake.

Nilitoka nikasimama ugani kumngoja. Maji yalikuwa yameshaanza kuubambua, udongo wake unatoka vipande vipande. Nikainua kichwa, mvua ikanipiga machoni. Bonde zima lilikuwa likiimba iendelee. Mimi nilikuwa nawaza makorongo, na mama na mzigo wake, na jinsi ingekuwa leo kama lile wingu lingepita kama wenzake.

"Ikome," nikasema. Nilisema kwa sauti, kwa moyo wangu wote. "Ikome hii mvua!"

Mama alikuwa nyuma yangu. Aliutupa mzigo kwenye tope, akaniziba mdomo kwa kiganja, akanibana kwa nguvu ambazo sikujua anazo, huku akigeuka kutazama kama kuna mtu aliyesikia.