Haibridi, Pikapu na Ngumi za Kibokoni

Duka letu la halwa hapa Kibokoni lilihitaji gari moja la kupelekea mizigo. Kaka yangu alitaka haibridi, gari dogo la petroli na umeme. Shemeji yetu, mume wa dada, aling'ang'ania pikapu. Mimi na hesabu zangu za shule ya usiku nikawaamulia: tuazime yote mawili, kila tangi tupu litiwe lita moja ya petroli, tuone lipi litafika mbali.

Pikapu ilizimika Tudor. Haibridi ilipita Tudor, ikazunguka Kizingo, ikarudi Kibokoni kimya kama paka.

"Umeongeza mafuta njiani, mwizi we!" shemeji alinguruma.

"Lako si gari, shemeji, ni mlevi!"

Ngumi ya kwanza ilisikika Lamu. Ya pili ilimpasua kaka mdomo. Kaka akamng'oa jino kwa kichwa. Nilipoingia kuamua nikala kiwiko cha pua, damu ikatapakaa barazani ungedhani tumechinja ng'ombe saba.

Mama akatoka na sinia la halwa ya harusi. "Haya, bingwa, pakia."

Kaka alilisukuma ndani ya haibridi kwa ubapa, kwa ubavu, akaupiga mlango mateke. Halikuingia. Hakuna aliyekumbuka kulipima! Shemeji akacheka, jino mkononi.

Tulinunua pikapu, na petroli inainywa kama ngamia.