Aliyeitikia Horini

Ami Marhoon hahesabu watu. Wanaohesabiwa ni mbuzi, husema; binadamu anaitwa kwa jina lake, naye akaitika. Kwa hivyo kila Ijumaa ya miezi ya baridi, kwa zaidi ya miaka thelathini, husimama kwenye jiwe inapoanzia njia ya mlima, akaita mmoja mmoja kabla ya kuwaondoa watu kwenye hori lake. Wanaume hujibu "Naam." Wanawake hujibu "Labeka." Jiwe lenyewe liko nyuma ya pembe ya mwamba, na watu wakati huo bado wako mchangani wanafunga viatu. Hawaoni. Anawasikia tu.

Alizaliwa Unguja, akaja Maskati na wazee wake ana miaka kumi na saba, Kiarabu chake hakizidi cha sala. Akajifunza ufundi wa viyoyozi katika karakana moja ya Darsait, akapanda mapaa ya watu kila mwezi wa Juni na kushuka na fulana ya kukamua, mpaka akajenga nyumba Mabela. Hori alionyeshwa na mzee mmoja wa upande wa Qantab aliyemtengenezea kiyoyozi chake. Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, juu ya mawe yanayokula soli, halafu unageuka pembe na maji ya kijani yako chini yako, na ukanda mfupi wa mchanga, na matumbawe yanaanza pale maji yanapokufika kiunoni.

"Ingieni, ingieni," huwaambia wanaosita. "Gesi nimeitia mwenyewe jana."

Saa tatu na nusu lazima safari ya kurudi ianze, watu waiwahi sala ya Ijumaa.

Ijumaa ya kisa hiki nilikuwa na miaka kumi na sita. Fajr, binti wa khalati yangu, dada yake mama, alikuwa na kumi na saba. Sauti zetu zilikuwa moja. Mama zetu wenyewe walitukosea kwenye simu. Asubuhi ile alikuwa amemwona kasa penye miamba ya kulia, na wakati wa kuondoka alikuwa bado majini, maji yamemfika kidevuni.

"Manal, nijibie miye," alisema. "Nkishamwona ntakufuateni mbio."

"Na ami akijua?"

"Atajuaje? Mama mwenyewe hatujui."

Akatia mrija wa kupumulia mdomoni, akainamisha uso. Jina lake lilipoitwa, nikajibu labeka. Jina langu lilipoitwa, nikajibu labeka. Nakumbuka nilicheka.

Tulipofika kwenye magari hakuwepo. Ami Marhoon alirudi mlima wote mbio. Alimkuta amelala kifudifudi juu ya maji, miwani usoni, kama kwamba kasa hajaondoka bado.

Matangani alikaa mbele ya khalati yangu, kofia mkononi. "Wallahi aliniitikia," alisema. "Nilimsikia kwa masikio yangu haya." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya vikombe vya kahawa. Nilikuwa na mdomo.

Basi watu wakasema yao. Wengine walisema hakumwita kabisa, anajisafisha. Wengine, na hao ndio wengi, wakasema aliita, ila aliyemwitikia hakuwa mtu. Polepole yeye mwenyewe akaamini hivyo. Kwa misimu miwili hakumpeleka mtu horini. Aliporudi, wanavyonihadithia, alianza kuliita jina la Fajr mwisho wa majina yote. Huliita, husubiri, huiweka kofia yake sawa, ndipo hupanda.

Mimi sikurudi. Nilisoma, nikaajiriwa katika maabara, kazi yangu kupima maji. Nikiitwa, hujibu "Nipo." Mama wa mume wangu aliwahi kuniuliza kama kwetu hatukufunzwa adabu. Na mwaka jana, nyumbani kwa kaka yangu kule Ansab, niliwasikia watoto wakitishana nyuma ya pazia: ukenda kule horini, ukisikia sauti ya mwanamke inaitika, usigeuke. "Ina sauti gani?" akauliza mdogo. "Kama ya mtu tu," akajibiwa.

Nilitoka nje nikakaa garini.

Mwezi wa Januari Aliya, binti wa Ami Marhoon, akanitumia ujumbe. Sikio la kulia la baba limeshakufa, na la kushoto linakwisha. Daktari amesema sauti za wanawake ndizo zinazotangulia kupotea. Ijumaa ijayo ndiyo safari yake ya mwisho. Njoo, tafadhali, wewe ni wa zamani.

Nikaenda. Tulikuwa watu tisa, pamoja na Khalil, kaka yake Fajr, mvi zimemjaa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nani huyu? Manal? Ala! Nlidhani umesilimu ukawa wa nchi kavu!"

Wote wakacheka. Nikavaa miwani, nikaingia majini, nikaogelea mpaka penye miamba ya kulia. Kasa sikumwona. Niliona pono wakiyang'ata matumbawe, na mlio wao ulinijaa masikioni, kru, kru, kama mtu anatafuna sukari guru. Chini ya maji ndiyo sauti pekee. Mtu akikwita kutoka jiweni, husikii.

Saa tatu na nusu akapanda jiwe lake. "Khalil!" Naam. "Aliya!" Akalirudia jina la binti yake mara mbili, mpaka labeka ikapigiwa kelele. "Manal!" Nikasema nipo. Sijui kama alisikia, alipita tu. Kisha majina yakaisha.

"Fajr!"

"Labeka," nikasema.

Sauti yangu ikamezwa na maji. Nilichungulia penye pembe nikamwona anainua mkono kuiweka kofia sawa. Hakusikia. Ningeweza kuiacha hapo. Nikavuta pumzi nikapiga kelele, kwa sauti ya juu niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi na sita.

"Labeka!"

Kila mtu aligeuka. Aliya alijishika kifua. Mzee akashuka jiweni taratibu, anatupapasa kwa macho.

"Nani?"

"Mimi, ami. Manal."

"Na siku ile?"

"Siku ile pia. Aliniomba nimjibie."

Alikaa chini, palepale kwenye kokoto. Akanielekezea sikio la kushoto, kiganja nyuma yake. "Hebu rudia."

Nikarudia.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo hasa." Akakishusha kiganja. "Kwa hivyo nlisikia. Miaka yote hii nnaogopa sikio langu mwenyewe."

Khalil aliokota mfuko wake, akanipita bila kunitazama, akaanza kupanda peke yake. Nilimwona akitokomea kwenye pembe. Nikadhani mzee naye atainuka amfuate. Hakuinuka mara moja. Aliukamata mkono wa Aliya, akasimama, akapangusa suruali yake, akarudi juu ya jiwe.

"Labeka ya mwenzio umeitika," akasema. "Yako bado. 'Nipo' miye siijui."

Akaelekea upande wa mlima, kama alivyozoea, akanipa mgongo.

"Manal!"