Chumvi Iliyohesabiwa Arobaini na Moja

Kompteri, chombo cha kuhesabu mionzi, ilinilia mbuzi wawili, gunia la maharagi na saa yangu ya mkono. Muuzaji, karani wa comptoir, nyumba ya kununua madini, iliyofungwa na vita, alitaka mbuzi watatu. Nilimwambia wa tatu angali tumboni mwa mama yake. Akachukua saa.

Hesabu yenyewe niliianza zamani, siku yangu ya kwanza kama fundi katika chumba cha radiografia, cha kupiga picha za mifupa, kwenye hospitali moja ya Butembo. Chef wa Service, mkubwa wetu wa kazi, alinibandika kifuani beji yenye filamu ndogo, inayoonyesha umepokea mionzi kiasi gani, akasema:

« Mionzi haina harufu. Mutu anaiogopa ao anaihesabu. Chagua. »

Vita ya pili ya nchi yetu ilipofunga barabara, filamu zilikwisha na mashine ikalala. Ndipo nikaanza, kwa kujifurahisha tu, kupima gamma ya asili, ile inayotoka katika udongo, mawe na mbingu bila mtu kuileta. Kompteri inalia tak, tak. Unahesabu milio ya dakika moja. Mimi nilihesabu mara mbili, maana milio haiji kwa mpango. Sebuleni kwangu, mtaa wa Kimemi, 22, halafu 25. Juu ya mwamba wa kilimani, 34 na 31. Kanisani, 28, mara ya pili padri alinitazama, nikaizima.

Nilitumwa mji wa Beni kutengeneza mashine ya kule. Kwenye barrière, kizuizi cha njiani, askari akaonyesha kompteri, akauliza:

« Eza nini? »

« Inahesabu mawe, chef. »

« Mawe inalipa? »

« Hapana bado. »

Akanihurumia, nikapita bure. Beni ilinipa 17 na 19.

Wakati huo chumvi ya dukani ilikuwa adimu. Jirani yangu Mama Masika, mjane, alichoma maganda ya ndizi, akachuja majivu kwa maji, akachemsha hadi ibaki chumvi ya kijivu. Nusu ya Kimemi ilipikia hiyo. Siku moja sokoni, kwa udadisi tu, niliweka kompteri juu ya beseni yake. 41. Nikarudia: 43.

« Mama, hii inapita ya nyumbani karibu mara mbili! »

Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeokota pesa. Kufika jioni, soko zima lilijua kwamba chumvi ile ina sumu ya basoda, wale askari wa vita.

Siku ya nne bila mnunuzi, Mama Masika alisimama mlangoni kwangu na watoto wake.

« Papa Technicien, ulihesabu chumvi yangu. Sasa hesabu hawa. »

« Sita, mama. »

« Hesabu tena. Weye si unahesabu mara mbili? »

Nilikimbilia kwa Chef wa Service. Hakunyanyua macho.

« Ulilinganisha na chumvi ingine ya majivu? »

« Hapana, chef. »

« Donc hukupima. Ulishangaa tu. »

Nikachoma maganda ya nyumbani kwangu, nikachuja, nikakausha. 42. Ilikuwa potasiamu tu, madini yaliyomo katika kila ndizi, kila haragi, hata katika damu ya padri, na sehemu yake ndogo hutoa mionzi tangu dunia iumbwe. Kesho yake saa sita nilikula sokoni sahani nzima ya maharagi yaliyopikwa kwa chumvi ya Mama Masika. Watu walikuja wengi. Nilipomaliza bila kuanguka, mzee mmoja akasema:

« Huyu alimeza dawa mbele ya kuja. »

Beseni halikuuzika. Mama Masika aliwapeleka watoto kijiji cha Kasugho, kulima kwa kaka yake, wakati ambao hata mwenye bunduki alisita kupita njia ile. Walifika. Hilo nililiuliza kwa watu wawili, kila mmoja peke yake.

Sasa nimepumzika kazi, na pensheni yangu inalia kwa nadra zaidi kuliko udongo wa Beni. Bado napima. Nimejifunza kwamba nambari ikitoka mdomoni kabla ya maana yake, hairudi.

Mwezi uliopita niliambiwa Mama Masika amerudi, anauza makala, makaa ya kupikia, karibu na soko. Tangu hapo nazungukia njia ya nyuma. Nyinyi vijana mliosoma kunipita, nipeni shauri: nikisimama mbele yake, nianze na samahani, ao nianze na potasiamu?